Nani Anakula Stima ya Bi Mkubwa?

Nilipobisha hodi kwa dada yangu huko Majengo, Nairobi, mwishoni mwa Februari 2024, niliikuta nyumba imenuna. Wapangaji waliniitikia salamu kwa nusu mdomo. Dada yangu mwenyewe, ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, alikuwa ameketi ukumbini juu ya kitanda cha kamba, amekunja uso kama aliyefiwa. Nilidhani pana msiba. Kumbe msiba wenyewe ulikuwa umetundikwa ukutani, nao ni mita ya stima.

"Ndugu yangu," aliniambia hata kabla sijavua viatu, "wewe ni fundi. Niambie nani anakula stima yangu. Zamani shilingi elfu moja ilikuwa ikinifikisha karibu wiki mbili. Sasa siku nane tu, mita inalia."

Wasomaji wa pwani wasiichanganye Majengo hii na ile yetu ya Mombasa, ingawa zafanana kama pacha. Majengo ninayoisema imo katika Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, pale watu wa vijiji vya kale vya Nairobi, kimoja chao kikiitwa Mombasa, walipohamishiwa hapo. Hadi leo mtu wa pwani akiingia katika nyumba zile za zamani hajihisi mgeni: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na barazani wazee na tasbihi zao. Kutoka hapo ukielekea mashariki utapita Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, mpaka Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Mitaa yote hiyo watu wa Nairobi huijumlisha kwa jina moja, Eastlands.

Nyumba ya dada yangu ina vyumba sita. Viwili ni vyake, vinne amepangisha. Katika kimoja yumo mama apikaye mahamri ya kuuza. Katika cha pili fundi cherehani na mkewe na watoto. Katika cha tatu mzee mmoja anayelinda maduka huko Gikomba. Na katika cha nne kijana wa kutoka Kakamega, ambaye riziki yake yatoka katika kompyuta. Mita ni moja kwa nyumba nzima. Kila mwezi watu huchanga, Bi Mkubwa akanunua tokeni na kuzitia.

Palipo na mita moja na watu wengi, hapakosi kutazamana. Na safari hii macho yote yalikuwa yamemwelekea yule kijana.

"Usiku kucha anachapa," alisema dada yangu. "Nikiamka saa tisa kuswali, naona mwanga chini ya mlango wake. Nimekwisha mwambia, mwezi huu ukiisha atafute kwingine."

ZAWADI KUTOKA MASKATI

Sikusema neno. Kwetu fundi hatoi hukumu kabla ya kupima. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimevuta nyaya za umeme huko Mombasa, na nimeona watu wakigombana, hata ndugu wa tumbo moja, kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa macho. Maji yakivuja utaona unyevu. Unga ukiibwa utaona debe limepungua. Umeme ukiliwa huoni mlaji wala chembe zilizomdondoka.

Nilimuuliza dada yangu kama ana kumbukumbu zozote. Bi Mkubwa hakusoma sana, lakini ni mtu wa hesabu. Alinitolea daftari ambamo ameandika kila tokeni aliyonunua na yuniti alizopata. Nilijumlisha. Agosti, Septemba na Oktoba 2023, nyumba ilitumia yuniti 90, 93 na 93, yaani wastani wa 92 kwa mwezi. Desemba, Januari na Februari ilitumia 117, 119 na 118. Wastani ulikuwa umepanda hadi 118. Ongezeko la yuniti 26 kila mwezi, mwezi baada ya mwezi, karibu sawasawa.

"Kijana huyu ameingia lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa pili huu."

"Na kazi yake ya usiku ameianza lini?"

Alinyamaza kidogo. "Tangu siku aliyokuja."

Basi hapo tayari palikuwa na jambo. Mtu aliyekuwamo wakati nyumba ikitumia yuniti 92, akifanya kazi ile ile kwa saa zile zile, hawezi kuwa ndiye aliyeleta zile 26 za juu. Nikamuuliza dada yangu: Novemba hiyo, palitokea nini humu nyumbani?

Uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza. "Novemba alikuja mwanangu kwa likizo."

Mwanawe anafanya kazi Maskati. Mwaka 2023 Bi Mkubwa aliteleza uani akaumia nyonga, akalala sakafuni karibu nusu saa kabla ya mama wa mahamri kurudi na kumkuta. Habari ile ilimnyima kijana wetu usingizi huko ugenini. Alipokuja likizo alibeba begi zima la vile vyombo ambavyo siku hizi huitwa vyombo janja: kamera tatu, moja ya mlangoni, moja ya ukumbini na moja ya uani, ruta ya kuleta intaneti, balbu sita zinazowashwa kwa simu, soketi nne zinazotii amri kutoka mbali, spika ndogo inayosema saa na kusoma adhana, na kisanduku kipya cha televisheni. Alivifunga vyote kwa mikono yake. Sasa akiwa Maskati hufungua simu akamwona mamake akipita na birika, roho ikatulia.

"Lakini vile vidude haviwezi kula kitu," alisema dada yangu. "Mwanangu ameniambia taa zile zinapunguza stima."

Na mwanawe hakusema uongo. Balbu ile mpya hutumia wati 9 ikiwaka, hali ile ya zamani ya waya mwekundu hutumia 60. Alilolisahau ni kwamba balbu ya zamani ukiizima imekufa. Hii janja ukiizima kwa simu haifi. Imefumba jicho tu, inangojea kuitwa.

TAA YA SEYYID BARGHASH

Jioni ile, baada ya magharibi, tulikaa barazani na wapangaji wote, yule kijana naye amejibanza pembeni kama mtu aliyeletwa kwa kadhi. Ili kupoza nyoyo niliwasimulia hadithi ya umeme, ambayo watu wa bara wengi hawajui kwamba ilianzia kwetu pwani.

Historia ya kampuni ya umeme ya Kenya yenyewe huanza na Zanzibar. Mwaka 1875, Sultani Seyyid Barghash bin Said alipata mtambo wa kuzalisha umeme wa kuangazia kasri yake na njia za jirani. Mwaka 1908, Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, akaununua mtambo ule, na ukaingia katika kampuni iliyoanza kuwauzia watu wa Mombasa umeme. Mwaka huo huo, huko Nairobi, mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya kuupatia mji umeme. Kampuni za miji hiyo miwili ziliunganishwa mwaka 1922, zikawa East African Power and Lighting. Mwaka 1983 jina likabadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting Company, ambayo sasa twaijua kwa jina fupi, Kenya Power.

"Sasa nisikilizeni," niliwaambia. "Taa ya Seyyid Barghash ilipowaka, kila mpita njia aliiona. Gharama yake ilikuwa inang'aa. Tabu ya vyombo vya leo ni kwamba vinakula gizani. Usiku wa leo, nyinyi mkikubali, tutavinyatia."

JICHO JEKUNDU LINAKONYEZA

Kila msomaji mwenye mita ya tokeni anaweza kufanya tulilolifanya usiku ule, wala hahitaji kuwa fundi. Katika mita pana taa ndogo nyekundu inayokonyeza. Kila konyezo ni kipande cha umeme kilichopita. Karibu nayo pameandikwa idadi ya makonyezo yanayotimiza yuniti moja. Mita ya dada yangu imeandikwa 1,000. Yaani jicho lile likikonyeza mara elfu moja, yuniti moja imekwenda. Mita nyingine huandikwa idadi tofauti, kwa hiyo tazama yako kwanza.

Saa tano za usiku tulizima kila kitu kwa namna ambayo watu huzima kila siku. Televisheni tukaizima kwa rimoti. Balbu janja tukazizima kwa simu. Kijana akafunga kompyuta yake na kuichomoa. Fundi cherehani akachomoa mashine na pasi. Friji ya dada yangu niliichomoa mwenyewe, kwa sababu friji huwaka na kujizima yenyewe na ingetuvurugia hesabu. Nyumba ikawa giza tupu. Mtu yeyote angeapa kwamba hapana hata tone la umeme linalotumika.

Tukasimama mbele ya mita, mimi na Bi Mkubwa na wapangaji wote nyuma yetu. Nilimpa yule kijana kazi ya kuhesabu sekunde kwa simu yake. Nilitaka ahesabu yeye mwenyewe, na dada yangu asikie.

Jicho jekundu likakonyeza. "Anza," nikamwambia.

Sekunde 20. Sekunde 50. Mama wa mahamri akanong'ona kwamba limekufa. Sekunde 80, sekunde 90. Kijana aliposema 100, jicho likakonyeza tena.

Tulirudia mara tatu. Kila mara ilikuwa ni 100, ikizidi au kupungua kwa sekunde moja. Nyumba iliyolala ilikuwa inakula.

Hesabu yake ni nyepesi. Saa moja ina sekunde 3,600. Konyezo moja kwa kila sekunde 100 ni makonyezo 36 kwa saa. Na kwa kuwa elfu moja ni yuniti moja, hizo ni wati 36 zinazotumika bila kukoma. Wati 36 ni sawa na kuwasha taa nne za wati 9, zikawaka mchana na usiku, siku za kazi na siku za Idi, bila kuzimwa hata dakika moja, katika chumba ambacho hakuna mtu anayekaa.

Kisha nikaanza kuchomoa kimoja kimoja kutoka ukutani, na kupima kila kimoja kwa kipimo changu kidogo cha kuchomeka. Ruta ilikuwa wati 8. Kamera tatu, wati 4 kila moja, zikawa 12. Kisanduku cha televisheni, ingawa tulikuwa tumekizima kwa rimoti, wati 7. Soketi nne, wati 1 kila moja, zikawa 4. Balbu sita, nusu wati kila moja, zikawa 3. Spika, wati 2. Jumla 36. Cha mwisho nilipokichomoa, jicho jekundu likanyamaza kabisa. Tulisimama pale dakika tano nzima na halikukonyeza tena.

Wati 1 isiyozimwa hutimiza yuniti 0.72 kwa siku 30. Basi wati 36 ni karibu yuniti 26 kwa mwezi. Zile zile 26 za daftari.

Nikapima na kompyuta ya kijana mbele ya watu wote. Ilitumia wati 45. Akifanya kazi saa sita kwa usiku, siku 26 za mwezi, ni yuniti 7. Na hizo saba zilikuwa ndani ya zile 92 za zamani, ambazo hakuna aliyewahi kuzilalamikia.

Hapana aliyesema neno. Mzee wa Gikomba alikohoa, akaenda kulala. Dada yangu aliendelea kuikodolea macho mita iliyonyamaza. Mwishowe alisema taratibu, si kwangu bali kwa kijana: "Mwanangu, nilikudhulumu."

NGAZI YA YUNITI MIA MOJA

Lakini fedha zilizopotea zilikuwa nyingi kuliko yuniti 26, na hapo ndipo nataka wasomaji wanisikilize vizuri, kwani hapo ndipo maskini huumizwa zaidi.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya haukuuzwa kwa bei moja. Katika bei za msingi zilizotangazwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, na kuanza kutumika Aprili 2023, nyumba yenye wastani usiozidi yuniti 30 kwa mwezi ililipa shilingi 12.22 kwa yuniti. Iliyozidi 30 mpaka 100 ililipa shilingi 16.30. Iliyopita 100 ililipa shilingi 20.97. Wastani wenyewe hutazamwa kwa miezi mitatu. Juu ya bei hizo huja gharama ya mafuta, tofauti ya fedha za kigeni, tozo kadhaa na kodi ya VAT ya asilimia 16. Bei hizi huguswa mara kwa mara, kwa hiyo msomaji atazame zile za wakati wake. Ninachotaka aone ni ngazi.

Ukivuka ngazi, si zile yuniti za juu tu zinazopanda bei. Zapanda zote, tangu ya kwanza.

Dada yangu alipotumia yuniti 92, gharama yake ya msingi ilikuwa shilingi 1,499.60. Zilipofika 118 zikawa shilingi 2,474.46. Tofauti ni karibu shilingi 975 kwa mwezi, kabla ya nyongeza na kodi. Lau angebaki katika ngazi ile ile, yuniti 26 zingemgharimu shilingi 423.80 tu. Shilingi nyingine 551 alizilipa kwa kosa la kuvuka kizingiti. Hata mama wa mahamri, ambaye chumbani mwake mna balbu moja na chaja ya simu, alipandishiwa bei ya umeme wake kwa sababu ya kamera iliyokuwa ikitazama uani.

Ndiyo maana haitoshi kusema, kama wasemavyo wauzaji, kwamba wati moja au mbili si kitu. Katika jumba kubwa linalotumia yuniti 400, ni kweli, si kitu. Mwenyewe yuko juu ya ngazi tayari, na wati 36 ni tone baharini. Lakini katika chumba cha Kayole au Dandora ambamo mama mmoja anatumia yuniti 27 kwa mwezi, ruta moja ya wati 8 isiyozimwa inaongeza karibu yuniti 6, inamtoa chini ya 30 na kumtupa katika bei ya juu. Bandu bandu huisha gogo, na gogo la maskini ni fupi.

Nchi nyingine ziliuona ulaji huu wa gizani zamani. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kwamba chombo kilichozimwa kwa rimoti kisitumie zaidi ya wati 1. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifika mbali zaidi, zikaweka nusu wati tangu mwaka 2013 kwa vyombo vingi vya nyumbani. Lakini vyombo vinavyokaa macho vikingojea intaneti vilipewa nafasi kubwa zaidi, na ndivyo hivyo vinavyojaa sasa majumbani.

PALE UJANJA UNAPOFAA

Nisije nikaeleweka kwamba navitukana vyombo hivi. Siku ya pili nilikwenda Buruburu kumsalimia rafiki yangu wa zamani. Nyumba yake ina tangi la maji ya moto, na ndani yake pana waya wa wati 3,000. Mwenzangu ni msahaulifu. Zamani akiliwasha alfajiri, aliliacha mpaka jioni, na tangi likawa linapoa na kujichemsha tena mchana kutwa hali hakuna anayeoga. Sasa ameweka swichi janja, na swichi hiyo huliwasha saa kumi na moja za alfajiri na kulizima saa kumi na mbili.

Hesabu yake i wazi. Saa moja ya wati 3,000 ni yuniti 3. Swichi yenyewe, ikiwa ni ya wati 1, itachukua miezi minne kula kiasi hicho. Ikimwokolea rafiki yangu saa moja tu ya usahaulifu katika miezi minne, imekwisha jilipia umeme wake. Huo ni ujanja wenye faida, kwa kuwa unalinda kitu kikubwa.

Kwa dada yangu, soketi nne janja zilikuwa zikilinda nini? Moja ilichomekwa feni ambayo kwa baridi ya Nairobi haiwashwi. Nyingine ilichomekwa chaja. Mbili hazikuwa na kitu. Mlinzi alikuwa akila kuliko mali anayoilinda.

Niliporudi tulikaa kitako, dada yangu na wapangaji, tukapanga upya. Soketi zote nne tulizitoa. Balbu janja tukazibadilisha kwa za kawaida za wati 9, ambazo ukizima umezima. Kisanduku cha televisheni tulikubaliana kizimwe ukutani, si kwa rimoti. Spika ikawekwa kabatini, kwani adhana ya Pumwani haihitaji msaidizi. Na uani nilikuta balbu ya zamani ya wati 60, ambayo kijana wa Maskati aliisahau, inawaka saa tano kila usiku. Tuliibadilisha kwa ya wati 9, na hiyo peke yake ikaokoa zaidi ya yuniti 7 kwa mwezi.

Zikabaki ruta na kamera. Hapo dada yangu alisita, nami sikumlazimisha. Wati zaweza kupimwa, lakini usingizi wa mwana aliye mbali na mamake hauna kipimo. Tukaamua kamera ya ukumbini ibaki, ambapo Bi Mkubwa hupita mara nyingi zaidi, na mbili zitolewe. Ruta ibaki pia. Hapo ikajulikana jambo jingine: miezi yote ile kijana wa Kakamega alikuwa akinunua intaneti ya kazi yake kwa simu, kwa kuwa hakuna aliyempa nywila ya ruta. Alitakiwa kulipia umeme wa chombo alichonyimwa. Siku hiyo akapewa, na mwenyewe akasema ataongeza mchango wake.

Ruta na kamera moja ni wati 12, yaani karibu yuniti 9. Ukitoa zile tulizookoa uani, hesabu ilirudi kwenye 93. Haikuonekana mara moja katika fedha, maana wastani wa miezi mitatu ni kama deni, haufutiki kwa siku moja. Lakini Juni haikwisha kabla nyumba haijashuka chini ya ngazi ya mia moja, nayo imebaki huko.

MIZANI NI YA WOTE

Ramadhani ilipoandama Machi hiyo, nilikuwa bado Majengo. Jioni ya kwanza, baada ya kufuturu, nilimwona dada yangu akipakua tambi na sambusa katika sahani yake ya maua, ile anayoitoa kwa wageni tu, akaifunika kwa kawa na kumpelekea mwenyewe yule kijana, ingawa si mtu wa kufunga. Hakumtuma mtoto. Notisi haikutajwa tena.

Nami nimeyaandika haya kwa sababu najua Bi Mkubwa si peke yake. Katika nyumba nyingi za kupangisha, za Nairobi na za kwetu Mombasa, Malindi na Lamu, pana mita moja, pana watu wengi, na pana mtu mmoja ambaye wengine wamekwisha mhukumu moyoni. Sisi tumefundishwa kuogopa kupunja mizani. Kumtoza mtu kwa alichokula mwingine nako ni kupunja, hata kama hukukusudia. Kabla hujamwambia mtu ahame, zima taa, simama mbele ya mita, uhesabu.

Kijana wa Maskati aliona siku ile ile kwamba kamera mbili hazionyeshi, akapiga simu kwa hofu. Nilikuwapo, nikamsikia mamake akimjibu.

"Sina neno, baba. Ya ukumbini utaniona nikipita. Ukitaka kujua uani nafanya nini, nipigie uniulize. Hiyo haimo katika mita yangu."

Tangu hapo, aniambia dada yangu, mwanawe hupiga simu kila siku baada ya isha.